Neno Halitembei Peke Yake

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Mbeya, mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo, watafsiri na wafanyakazi wa ofisini wanaoendelea kujinoa Kiingereza. Wenzetu wengi wa Uyole na Tukuyu walizuiwa na mvua, wakaomba waipate yote. Naiweka kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, kaka zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari mapya, habari za mchana? Mliotoka Iringa na Njombe alfajiri, kamwene. Wenyeji wangu, ndaga fijo kwa kufika.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani amesoma Kiingereza kwa muda usiofika miaka 10? Nyosheni mikono. Sioni mkono hata mmoja. Haya, swali la pili. Ni nani anayeweza kuandika barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza, akaituma bila kumpa mtu aipitie kwanza? Naona mikono mitatu. Na humu tumo watu karibu 60.

Hilo ndilo lililonileta. Mtu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta baiolojia ni Kiingereza, historia ni Kiingereza, hesabu ni Kiingereza. Akapambana, akafaulu, akaenda chuo. Taarifa ya habari anaielewa. Mtihani anaujibu. Kisha akasimama. Mwaka unaisha, mwingine unaingia, Kiingereza chake kiko palepale. Waliopanda Loleza wanaijua ile sehemu: mji wote umeshauona chini yako, miguu imechoka, na kilele bado.

Na mtu akikwama hapo hufanya nini? Hununua kitabu kingine cha sarufi. Anarudi ukurasa wa kwanza, nomino ni nini, kitenzi ni nini. Ndugu zangu, hamjakwama kwa kukosa kanuni. Kanuni mnazo. Mmekwama kwa sababu mnajifunza neno likiwa peke yake na kanuni ikiwa peke yake, na hakuna mahali ambapo lugha inaishi hivyo. Lugha inaishi ndani ya sentensi. Leo nawaomba jambo moja: tukae na sentensi.

Niwasimulie. Kuna kijana mmoja, bwana shamba, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya kununua parachichi kule Rungwe. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumwandikia mnunuzi wa nje kila wiki. Msimu mmoja chumba cha baridi kikaanza kusumbua. Umeme unakatika, joto linapanda, matunda yanalainika kabla hayajapakiwa. Kijana akaandika barua pepe nzuri, yenye adabu, na katikati yake akaweka sentensi hii: "We have few problems with the cold room." Asubuhi jibu likaja: mnunuzi amefurahi sana kusikia hivyo. Kijana akanifuata Kabwe, simu mkononi, uso umemshuka. "Mwalimu, nimemwambia tuna matatizo, naye anafurahi. Huyu mtu vipi?"

Niliisoma ile barua mara mbili. Kisha nikamwekea kidole pale kabla ya neno "few". Palikuwa na nafasi tupu. Ilikosekana herufi moja tu, "a". Ukisema "we have a few problems", umesema tuna matatizo kadhaa, yapo, tuyashughulikie. Ukisema "we have few problems", umesema matatizo ni machache mno, karibu hakuna, lala usingizi. Herufi moja, ndugu zangu. Herufi moja kati ya mzigo kukaguliwa na mzigo kuondoka hivyohivyo.

Je, yule kijana hakufundishwa hiyo "a"? Alifundishwa. Alikariri tangu kidato cha kwanza kwamba "a" ni ya kitu kimoja. Na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyompoteza! Matatizo ni mengi, "a" ni ya kitu kimoja, basi akaiondoa. Kwa mantiki ya kanuni aliyokariri, alikuwa sahihi kabisa. Ambacho hakuwa nacho ni sentensi. Hakuwa amekutana na "a few" mara za kutosha, katika kurasa za kutosha, hata sikio lake likagoma lilipoisikia imekatwa.

Mnaniuliza kila siku kwa nini "a" na "the" zinatutesa. Zinatutesa kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Lakini je, hatuna kabisa namna ya kuonyesha kitu kinachojulikana? Sikilizeni: "Nimeona kitabu." Sasa sikilizeni tena: "Nimekiona kitabu." Mmesikia tofauti? Ya kwanza ni kitabu chochote. Ya pili ni kile tulichokuwa tunakizungumza, kile kilichopotea, kile ulichoniagiza. Hiyo "-ki-" ndogo katikati ya kitenzi inafanya kazi iliyo karibu sana na kazi ya "the". Hailingani nayo kila mahali, ila inakupa pa kusimama. Ukianzia kwenye lugha yako, "the" inaacha kuwa fumbo.

Zoezi lake ni hili. Chukua aya moja ya gazeti la Kiingereza. Inakili, ukiruka kila "a", "an" na "the". Iache ilale usiku mmoja. Kesho yake zirudishe zote kwa kichwa chako, kisha linganisha na gazeti. Pale ulipokosea, usikimbilie kitabu cha kanuni. Kaa na sentensi uiulize: hiki kitu kimeshatajwa? Kiko kimoja tu? Ni kitu cha kuhesabika? Aya moja kwa siku inatosha. Anayefanya kumi siku ya kwanza, siku ya tatu hayupo.

Mimi mwenyewe nimeumizwa na lugha yangu kwa namna nyingine. Katika kila barua ya kuomba kazi, kwa miaka mingi, niliandika "I have completed my diploma in 2004." Kwa Kiswahili, "nimemaliza stashahada mwaka 2004", hakuna anayeshtuka. Tunasema hata "amefika jana" na maisha yanaendelea. "-me-" yetu inakubali kukaa na tarehe. Ile "have" ya Kiingereza haikubali kukaa na wakati uliokwisha kufungwa. Ukitaja jana au 2004, sema "completed", basi. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu waliozisoma barua zangu walikuwa Watanzania kama mimi, na walinielewa. Ndiyo maana nawaambia, kueleweka peke yake si kipimo kwa mtu aliyefika mlipofika ninyi. Wapo humu wanaoandika "discuss about" na "emphasize on" kila wiki, na wanaeleweka. Viondoeni hivyo vihusishi leo. Kitenzi chenyewe kinatosha.

Kuna jambo ambalo sijaliona likifundishwa vya kutosha madarasani kwetu, nami nitalikalia. Kiswahili kikitaka kutoka kwenye kutenda hadi kutendesha, kinaongeza kiambishi tu. Kula, kulisha. Kukopa, kukopesha. Kuona, kuonyesha. Kuanguka, kuangusha. Kupanda, kupandisha. Shina ni lilelile. Mtoto wa miaka minne pale Mwanjelwa anafanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Sasa vukeni upande wa pili. Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kuona ni "see", kuonyesha ni "show". Maneno mawili yasiyofanana hata sura! Kiingereza kinakudai ukumbuke jozi nzima, maana neno moja halikuonyeshi mwenzake. Na pale yanapofanana ndipo penye hatari zaidi: "rise" na "raise", "lie" na "lay". Tena hiyo "lay", iliyo kitenzi cha kulaza, ndiyo hiyohiyo "lie" ya kulala ikiwa katika wakati uliopita. Mtu anaweza kuwa na shahada na bado akateleza hapo.

Mama mmoja muuza mchele pale Mwanjelwa, mchele wa Kyela na wa Mbarali, alikuwa akijifunza nami kwa ajili ya wateja wake wanaotoka Zambia. Siku moja akaniandikia ujumbe aliotaka kuwatumia: "The price has raised." Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, bei imepanda au imepandisha?" Akanitazama. "Mwalimu, bei itapandishaje? Imepandisha nini?" Nikamwambia, mama, jibu umelitoa mwenyewe. "Rise" ni kupanda. "Raise" ni kupandisha, nayo inadai kitu cha kupandishwa. "The price has risen. The traders have raised the price." Tangu siku ile hakukosea tena hapo, na kila akikutana na kitenzi kipya anauliza kwanza: hiki ni cha kutenda, au ni cha kutendesha? Swali hilo hakulipata kwenye kitabu chochote cha sarufi ya Kiingereza. Alilipata kwenye Kiswahili chake cha sokoni.

Nageukia msamiati, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu ninawapenda. Lile daftari la safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, lifungeni. Mwanafunzi mmoja wa chuo alinionyesha lake, limejaa mpaka jalada la nyuma, maneno 1,400 kwa namba alizoziandika mwenyewe. Mwandiko safi, mstari umenyooka. Nikafungua katikati, nikachagua neno, nikamwomba sentensi. Kimya. Nikachagua la pili. Kimya. La tatu alilitungia sentensi, na sentensi ile hakuna Mwingereza aliyewahi kuisema. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa amefanya kazi ya miaka miwili, kwa bidii ya kweli, na kazi ile haikumlipa.

Kwa nini haikumlipa? Fikirieni Kiswahili. Mgeni anakuuliza maana ya "piga". Unamwambia "hit". Anaandika: piga, "hit". Kesho anasikia piga simu. Piga pasi. Piga picha. Piga kura. Piga mswaki, piga magoti, piga hodi. Ni nani amepigwa hapo? Yule mgeni neno analo, Kiswahili hana. Na sisi kwenye Kiingereza ndio wageni. Tukipiga simu, wao "make a call". Tukipiga picha, wao "take a photograph". Tukipiga kura, wao "cast a vote". Tukipiga magoti, wana neno moja tu, "kneel". Neno halitembei peke yake. Lina ndugu zake, lina rafiki zake, na lina wale ambao halikai nao meza moja.

Angalieni Tukuyu, mji unaopokea mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na chai imezunguka kila kilima. Sisi tunasema mvua kubwa. Je, Mwingereza anasema "big rain"? Hasemi. Anasema "heavy rain", mvua yake ni nzito. Na chai iliyokolea? Haiiti nzito. Anaiita "strong", chai yenye nguvu. Hakuna kanuni itakayokupa hayo. Ni urafiki wa maneno, na urafiki unaujua kwa kuwaona watu wakitembea pamoja.

Basi katika daftari jipya, kila neno lipe nusu ukurasa. Andika sentensi nzima ulimolikuta, pamoja na ulikoitoa. Chini yake andika majirani zake. Mfano ni "evidence". Kinachokusanywa: "gather evidence". Sifa yake: "strong evidence". Kinachofuata: "evidence of" au "evidence that". Na je, ina wingi? Haina, hakuna "evidences", kama vile ushahidi wa Kiswahili nao usivyo na wingi. Maneno matatu kwa siku namna hiyo yanazidi thelathini ya safu mbili. Mwisho, tunga sentensi yako mwenyewe kuhusu maisha yako, mtaa wako, kazi yako.

Mtaniuliza: mwalimu, maneno mangapi yanatosha? Paul Nation wa New Zealand, aliyetumia miaka mingi kuchunguza msamiati wa Kiingereza, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada kunadai familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Msiogope, ni familia. Soma, msomaji, usomaji, somo, somesha, someka: hiyo ni familia moja. Tena ninyi mlio vyuoni mna njia ya mkato. Averil Coxhead mwaka 2000 alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, na hizo peke yake hufunika karibu asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya vyuo. Ukiwa na maneno ya kawaida tayari, anza na hizo 570.

Sasa kusoma. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Utafiti wa Nation na mwenzake Hu, wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua karibu maneno 98 katika kila 100 ili asome bila kusaidiwa na aelewe vizuri. Pigeni hesabu. Ukurasa wa maneno 300 usiwe na mageni zaidi ya sita. Ukikuta 15, uko kwenye asilimia 95, na tayari unakokota mzigo. Ukikuta 40, rudisha kitabu kabatini, na usione aibu. Wengi wetu tumelichukia somo la kusoma kwa sababu tulipewa vitabu vya maneno mageni 40 kwa ukurasa, tukaambiwa sisi ni wazembe. Hatukuwa wazembe. Tulipewa kiatu kisichotutosha.

Mimi nilijifunza kusoma ndani ya treni ya TAZARA. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kuja huku, na mkononi nilikuwa na kitabu cha zamani kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Kamusi niliisahau nyumbani. Treni ikasimama kabla ya Makambako, ikakaa, ikakaa. Nikiwa dirishani, baridi imeanza kupenya, nikakutana na neno "reluctant". Chifu mmoja alikuwa "reluctant to sign". Sikulijua. Nikaendelea. Kurasa chache mbele, mwanawe akamfungulia mgeni mlango "reluctantly", akasimama katikati ya njia, hakusogea. Nikaanza kuhisi kitu. Kabla sura haijaisha, mwandishi akataja "his reluctance", yule chifu ameshika kalamu, wino umekauka, na karatasi bado tupu. Hapo nikajua. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwamba ni ule uzito wa moyo, mtu anatakiwa kufanya jambo na kila kiungo chake kinakataa. Mpaka leo siwezi kulisahau neno lile, na nikilisikia naona kalamu iliyokauka. Kamusi ingenipa tafsiri kwa sekunde tano, na ningeisahau kabla ya stesheni ya Mbeya.

Sisemi mtupe kamusi. Nasema isiwe ya kwanza. Soma sura mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili weka alama ya kalamu ya risasi penye mageni, ukisie. Mara ya tatu ndipo ufungue kamusi, uone ulikisia vipi. Ila kuna maneno ambayo hayakisiwi wala hayarukwi, nayo ni yale madogo: "unless", "although", "hardly", "despite". Msomaji wetu anayaruka kwa sababu ni mafupi. Ukisoma "Seed will not be issued unless the form is signed" ukaruka "unless", utarudi nyumbani bila mbegu, na fomu unayo mfukoni.

Nimalizie na kazi ngumu kuliko zote, ambayo kwa mtu aliyekwama naiona ndiyo bora kuliko zote. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi hii, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Moja ina jina la Kiingereza lenye "Merchant", mfanyabiashara, tena mmoja. Yeye mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Si mfanyabiashara. Si mmoja. Mabepari! Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Fikirini uzito wa kuchagua neno hilo. Mtu hawezi kuchagua hivyo bila kukaa na sentensi kwa muda mrefu, akiipima pande zote mbili.

Nataka mfanye hivyo, kisha mrudi. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia wa Uingereza, aliieleza njia hii katika kitabu kilichotoka 1570, akiitumia kwa Kilatini. Mwanafunzi anatafsiri kifungu kwa lugha yake. Anaficha cha awali. Muda unapita. Kisha anakirudisha katika lugha ya kwanza, na kulinganisha alichoandika na kilichofichwa. Kila tofauti ni somo. Hapo "a" iliyopotea itaonekana. "Raise" iliyokaa mahali pa "rise" itaonekana. Mvua "big" itaonekana. Na hahitajiki mwalimu, kitabu chenyewe kinakusahihisha.

Tutaanza leo. Toeni karatasi. Nitawasomea sentensi tano fupi, muandike. Usiku wa leo mzitafsiri kwa Kiswahili chenu kizuri, si Kiswahili cha kubabaisha. Karatasi ya Kiingereza mpeni mtu wa nyumbani aifiche mpaka Jumatano. Jumatano jioni mzirudishe kwa Kiingereza. Jumamosi saa nane mchana mje nazo zote tatu, ukumbi huuhuu, na tutakaa na kila sentensi mpaka iishe. Mama pale nyuma, sogea mbele upate kusikia. Kijana, mpishe kiti. Asante.

Kalamu tayari? Nasoma polepole.

"Heavy rain fell on Tukuyu for a few days, and the price of bananas rose. The lorry drivers were reluctant to leave. Few of them had slept. On the fourth morning the rain stopped. Someone raised the tarpaulin and looked at the road."

Narudia.